Pua ya Mama

Siku ya kugawa nguo za marehemu baba nilifanya jambo lililowashangaza ndugu. Baba mdogo alikuwa anatoa nguo moja moja kwenye sanduku, anaita jina, anakabidhi. Lilipofika koti la kijivu, lile la kwendea kanisani, akaniita mimi, mtoto wa kwanza. Watu walitegemea nilikumbatie nilie. Mimi nikaigeuza kola, nikaipeleka puani, nikavuta pumzi ndefu. Nikanusa kwapani. Nikanusa na mfuko wa ndani. Shangazi akaangua kilio akidhani uchungu umenizidi. Wala haukuwa uchungu. Nilikuwa kazini. Niliajiriwa nikiwa na miaka tisa, na mpaka siku ile hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kazi imekwisha. Katika watu wote waliojaa uani pale, ni mmoja tu aliyeelewa ninachofanya, na huyo ni mama yangu, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akinitazama.

Nyie mliolelewa na baba mlevi hamhitaji kuelezwa, lakini wengine acha niwaambie. Pombe ikiwa kwenye chupa ina harufu yake, na ikiwa ndani ya mtu ina harufu nyingine kabisa. Ile ya mtama ilitoka kwa baba ikiwa kama uji uliosahauliwa siku nne kwenye ndoo yenye mfuniko. Gongo ilitoka kali, inachoma macho, na chini yake kuna kitu kitamu kilichooza. Changanya hapo jasho, moshi wa sigara, vitunguu vibichi alivyotafuna ili kutudanganya, na suruali iliyokojolewa ikakaukia mwilini. Mpaka leo nikipita karibu na kilabu, hapa mjini Singida au popote, navuka barabara. Watu wananiona najidai mlokole. Waache. Tumbo langu ndilo linalovuka, mimi nalifuata.

Kazi yenyewe ilianza hivi. Mama aliwahi kupika pombe ya mtama ya kuuza kabla sijazaliwa, na alituambia kuwa moshi wa kazi ile uliiua pua yake. "Mimi sisikii harufu yoyote, mwanangu," alisema. "Pua yangu imekufa." Nilimwamini, ingawa maharage yakianza tu kushika chini ya sufuria yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuruka kutoka uani. Mtoto hajumlishi mambo hayo. Basi jioni baba akionekana kule njiani, mama ananisukuma mgongoni: "Nenda kamsalimie baba yako." Nami naenda, napiga goti, nasema shikamoo, halafu nasubiri marahaba yake nikiwa nimeinua uso, maana mtu hawezi kusema marahaba bila kukupulizia pumzi. Nikirudi jikoni mama anauliza bila kugeuka, "Pua inasemaje?" Nikisema safi, chakula kinapakuliwa. Nikisema inanuka, mama anambeba mdogo wangu, tunatokea mlango wa nyuma kwenda kulala kwa jirani.

Siku nyingi ilinuka.

Kuna siku alipitiliza. Tulimkuta mchana kweupe nyuma ya kilabu, amelala chali, ametapika kifuani, na mbwa wa watu anamlamba mdomo. Halambwi mkono wala shavu, jamani, mdomo. Na baba anatabasamu macho yakiwa yamefumba, kama mtu anayebembelezwa. Wateja walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nilimwona mama akisema kitu kwa Kinyiramba, lugha ya kwao, na hakukisema kwa mtu yeyote. Kesho yake alfajiri tulikuwa njiani kwenda Iguguno kwa wazazi wake, mimi na kigodoro kichwani.

Tulikaa Iguguno mpaka nikazoea shule ya huko. Kisha habari zikaanza kuja: mwinjilisti wa kanisa letu dogo kule nyumbani amemchukua baba, amemlaza chumbani kwake, baba ametetemeka na kutoa jasho siku kadhaa, ameombewa, ameokoka, hanywi. Babu alitaka mama arudi kwa mumewe. Mama akasema maneno mengine ni ya watu tu. Alizeti ndiyo kwanza zilikuwa zinachanua. Akaniita nyuma ya ghala.

"Utakwenda kukaa na baba yako," alisema. "Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, nitashuka stendi ya mjini na mayai yangu, utanikuta pale. Nitakuuliza swali moja tu. Akiwa safi mpaka alizeti zivunwe, nitakuja na mizigo, tunarudi nyumbani wote. Ikinuka hata siku moja, basi. Mimi na yeye tumemalizana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Wewe ndiye pua yangu."

Nilikuwa na miaka tisa na ndoa ya watu wawili imekaa puani mwangu. Leo nikimtazama binti yangu wa umri huo akihangaika kuzitia kamba raba zake, kichefuchefu kinanipanda, na hakimhusu baba peke yake.

Niliyemkuta nyumbani alikuwa mtu mwembamba, ameoga, amenyoa. Alikuwa anapika mwenyewe ugali wenye mabonge. Ningefurahi, lakini kulikuwa na ushuhuda. Kila ibada ya katikati ya juma alisimama mbele akaeleza yote: alivyojikojolea, alivyouza sufuria ya mama, na mbwa. Hasa mbwa. "Ndugu zangu, nimelambwa mdomo na mbwa nikadhani ni mke wangu!" Na watu wakapiga makofi, "Haleluya!", kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikiwa benchi la nyuma nilitamani ardhi ipasuke. Tulipokuwa tunaishi ndani ya uchafu ule hakuna aliyetupigia makofi, wengine walitucheka. Sasa ulikuwa umegeuka wimbo mzuri wa kanisani, na mimi nilikuwa bado nausikia puani.

Jioni niliendelea na shikamoo yangu ya uso juu. Kumbe alikuwa anajua. Wiki ya pili hivi aliniita akainama, mikono magotini, akafungua mdomo wote.

"Nusa, mama," akasema. Huku kwetu baba humwita binti yake mama. "Nusa vizuri. Usibahatishe."

Nikanusa. Naomba mnielewe: hata ukiwa safi, mdomo wa mtu mzima si mahali pa mtoto. Meno ya kahawia, pengo, ulimi mweupe ulioparuliwa kwa mswaki wa mti na chumvi, pumzi ya moto. Nilichukia. Lakini aliufungua kila jioni bila kuambiwa, shambani, kisimani, hata mbele za watu. Jumatatu ya zamu ikifika ananipakia kwenye keria ya baiskeli mpaka mjini, ananishusha mbali kidogo na stendi kwa sababu mama hakutaka kumwona, anabaki kwenye kivuli cha duka. Mama ananikuta karibu na basi la Iguguno, trei ya mayai mkononi, mdogo wangu mgongoni.

"Pua inasemaje?"

"Safi."

"Una hakika?"

"Safi, mama."

Hakuuliza kama nakula, wala kama nalala. Anafunga kanga, anakwenda sokoni. Mara tano nilisema safi. Vichwa vya alizeti vikainama, vikakauka, tukavipiga kwa fimbo uani, na mara ya sita ilikuwa ndiyo ya mizigo.

Jumapili ya kuamkia siku ile mchungaji alikuja kanisani kwetu. Alikuwa anakuja mara chache, maana alikuwa na makanisa mengi, na akija ndipo watu wazima wanapata Meza ya Bwana. Sisi watoto tulitolewa nje na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili kuimba chini ya paa la bati. Tulikuwa tumeambiwa kwamba ndani wanakula mwili wa Yesu na kunywa damu yake. Nilikuwa napata kinyaa hasa nikiwafikiria mabibi watu wazima, na vilemba vyao vya heshima, wanakunywa damu wanafuta midomo. Sikumuuliza mtu. Niliona ni mambo yao.

Sikujua kwamba siku hiyo baba alikuwa anarudishwa kundini. Kwa ajili ya ulevi kanisa lilikuwa limemtenga miaka, asisogee mezani. Leo alipiga magoti, akatubu mbele ya wote, akapokelewa. Alitaka mama aikute habari hiyo nyumbani, ndiyo maana alinificha na mimi. Ninachojua ni kwamba alitoka mlangoni analia, koti la kijivu limemkaa vizuri, watu wanamshika mikono huku wanaimba. Akaniona, akaja moja kwa moja, akanikumbatia akaniinua juu.

"Mama yangu! Leo ni siku kubwa!"

Ikanipiga usoni. Ilikuwa tamu, nzito, si ya mtama wala si gongo, lakini ilikuwa yenyewe. Pombe. Kwenye pumzi ya baba, mlangoni mwa kanisa, na machozi juu. Nilijinasua nikaenda kusimama ukutani. Jioni alipoinama na kufungua mdomo niliinamisha kichwa nikasema nimeshanusa. Nilikuwa na hakika kwamba ule wokovu wote ulikuwa mchezo, kwamba mwinjilisti na wale wapiga makofi wote wanajua, na kwamba mimi peke yangu katika kijiji kizima ndiye sidanganyiki.

Jumatatu alinyanyuka na furaha. Nyumba alishaipaka chokaa, na jogoo alishamfunga mguu kwenye mti tayari kwa kisu. Kwenye keria alizungusha mpira mrefu wa kufungia mizigo. Njia nzima alikuwa anaimba na mimi nyuma nimeushika ule mpira.

Mama alishashusha kila kitu: mafurushi mawili, vyungu, kigodoro. Mdogo wangu alikuwa na viatu vipya. Mama alikuwa amesuka nywele. Sikuwahi kumwona amesuka tangu tuondoke.

"Haya," alisema, na alikuwa anakaribia kucheka. "Pua inasemaje?"

"Jana ilinuka."

"Nini?"

"Ilinuka, mama. Jana mchana. Pombe."

Hakuuliza imekuwaje, wala alikunywa wapi, wala na nani. Aligeuka akamwita konda arudishe mizigo juu. Konda akaja juu: "Mama, si umeshusha sasa hivi? Unanichezea?" Mama akanyanyua furushi la kwanza, akampa. Alipanda, akakaa upande wa pili ambao sikuweza kuuona uso wake. Mdogo wangu alinipungia mkono dirishani, anaonyesha kiatu.

Baba aliniona narudi peke yangu. Alikuwa ameshaufungua mpira, ameushika mkononi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amerudi Iguguno."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia jana ulinuka."

Nilijiandaa kupigwa. Zamani angenipiga. Pale pale kivulini akaanza kuuzungusha tena ule mpira kwenye keria isiyo na mzigo, polepole, akaufunga na fundo. Hatukwenda nyumbani. Tulikwenda kwa mwinjilisti.

Mwinjilisti aliposikia alishika kichwa. Akafungua kabati la ofisini, akatoa chupa nyeusi iliyobaki robo, akang'oa kizibo. "Nusa hii. Ndiyo hiyo?"

Ilikuwa hiyo hiyo. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hii ni divai ya Meza ya Bwana, mwanangu. Baba yako alipewa na mchungaji, mbele ya kanisa zima. Tone tu."

"Si mlisema ni damu?"

Mwinjilisti akarudisha kizibo. Mimi sikusubiri maelezo. Nilitapika pale pale mlangoni pa ofisi ya kanisa, chai yote ya asubuhi. Kwamba walimtoa baba kwenye pombe halafu siku kubwa kuliko zote wakampa pombe! Na mimi nikamfukuza mama kwa sababu ya tone! Sikujua nimchukie nani kwanza, kwa hiyo nilijichukia mwenyewe, ndiye niliyekuwa karibu.

"Naandika barua sasa hivi," mwinjilisti alisema. "Kesho naipeleka mwenyewe Iguguno. Huyu mtoto amekosea."

"Hajakosea," baba akasema. Alikuwa anafuta matapishi yangu kwa gunia, amechuchumaa. "Alitumwa kunusa, amenusa. Ilinuka, akasema. Leo nikianza kumfundisha ipi aseme na ipi anyamaze, kesho atamwamini nani? Mama yake ataambiwa na yeye mwenyewe, siku yao ikifika. Na mimi, mwinjilisti, mwambie mchungaji mkate nitapokea. Kikombe kinipite."

"Watu watasema umetengwa tena."

"Wameshasema mengi."

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Jogoo aliendelea kuwika. Nilikuwa naogopa kwamba mama hatashuka tena, lakini alishuka, trei mkononi, nywele amezifumua. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: kurudishwa kundini, chupa, kabati, na kwamba ni ya kanisani, mama, ni ya kanisani. Yeye ni Mkristo wa ubatizo wa utotoni, kikombe kile alikuwa anakijua. Akajifunika mdomo kwa kanga. Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi na maganda ya miwa, mayai mapajani.

"Na tangu siku ile?" aliuliza.

"Safi. Kila siku safi."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha kivuli cha duka. Alikwenda mwenyewe. Sikusikia walichosema, maana nilibaki nashika mayai, ila nilimwona baba anataka kuinama kufungua mdomo kama alivyozoea, na mama anamzuia kwa kiganja kifuani. Hakurudi hata kufuata vyungu. Alipanda keria na mdogo wangu, mimi nikatembea nyuma, na ule mpira wa mizigo ukawa unaburuzika barabarani hauna kazi.

Baba hakunywa tena mpaka anakufa. Wala hakugusa kikombe kile. Wachungaji walibadilika, kila mgeni akamuuliza, na jibu lilikuwa moja: "Nyumbani kuna mtu anachefuliwa na harufu yake." Kuna waliosema ana dhambi ya siri, kuna waliosema ana mwanamke. Alimega mkate wake, akaenda kuketi. Na kila nilipokuja kumsalimia, nikiwa nimeshaolewa, nina watoto, nilisema shikamoo, akasema marahaba, akainama akafungua mdomo. Kwake ilikuwa utani wetu. Mimi nilicheka, na kila mara nilikwenda uani kutema mate. Sikuwahi kumwambia.

Basi tulikuwa pale uani, mimi na koti puani, shangazi analia. Baba mdogo alishaendelea na mashati. Nikaenda kuketi mkekani karibu na mama. Kwa sauti ya chini akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza tangu siku ile ya stendi:

"Pua inasemaje?"

"Safi," nikasema.

"Lete."

Nikampa. Aliigeuza kola kama nilivyofanya mimi, akazamisha uso wote, akavuta.

"Sabuni ya mche," alisema humo ndani. "Mafuta ya alizeti kwenye mkono. Na ile dawa ya kifua niliyompaka siku ya mwisho."

Nilimtazama. "Mama, si pua yako ilikufa?"

Hakuinua uso. "Haijawahi kufa."

"Ulikuwa unasikia?"

"Tangu akiwa kule njiani. Kabla hujapiga goti." Akavuta tena pumzi. "Ningenusa mwenyewe, ningelazimika kuamua mwenyewe. Nilitaka aseme mtu mwingine."

Kinyaa kilinipanda kile kile cha miaka tisa, na safari hii hakikuwa na pombe hata tone. Nilitaka kumnyang'anya koti mbele ya ukoo mzima. Alilishika koti lile kwa mikono miwili kama anayeogopa kuulizwa analipeleka wapi.

"Nenda kapumzike, mwanangu," alisema. "Kuanzia leo nanusa mwenyewe."

Nikainuka. Nilikwenda nyuma ya jiko nikapenga kamasi kwa nguvu, mara tatu, nne, mpaka masikio yakaziba. Kisha nikarudi nikaketi pale pale, karibu naye, nikapumua kwa mdomo.